Nzi wa Mbodze

Jiliwa ndogo mezani, Sabaki, saa nne na joto.
Mbodze anafunga nzi:
unyoya wa shingo ya jogoo wa jirani
(jirani kalipwa, jogoo hakuulizwa),
uzi mweusi mizunguko saba,
ndoana ndogo kama punje ya mtama.

Kesho watapanda basi,
dazeni kumi ndani ya kopo la maziwa,
hadi mito ya milimani
wakamdanganye trauti.

Yeye trauti hajamwona.
"Ana madoadoa, kama kanga," aliambiwa.
"Kanga ndege au kanga nguo?"
Simu ikakatika.

Adhuhuri anateremka mtoni.
Maji mekundu, yamebeba udongo wa huko huko juu.
Anatumbukiza mkono hadi kiwikoni,
anatafuta ile baridi.

Vuguvugu.

Anajifuta kwa leso, anarudi.
Bado nzi thelathini na moja.