Safu ya Mapato

Jina. Anwani. Watoto, na umri wao.
Halafu kijisanduku: Kipato kwa mwezi.
Nikaandika sufuri,
nikaikoleza wino isije ikadhaniwa ni herufi.

Duluth, mwezi wa pili. Ziwa limefunga,
meli za madini zimelala bandarini,
na Bi Osterhaus, wakili, ana hita miguuni
na sauti ya mtu anayeijua bei yake.
"Amana ni dola elfu tatu na mia tano,
kabla sijafungua jalada."
Nikaitikia kwa kichwa, kana kwamba tatizo
ni kukumbuka tu mkoba nimeuacha wapi.

Kuolewa kulinigharimu keki na gauni la kuazima.
Kutoka, natakiwa nije na fedha,
na fedha zote kazikalia yule ninayemtoka.

Wendell hakunipiga. Niandike hivyo pia?
Alibadilisha tu nywila ya benki siku ya Jumanne;
Jumatano, dukani, kadi ikakataliwa
mbele ya galoni ya maziwa
na mfuko wa chumvi ya kuyeyushia ngazi.
Msichana wa kaunta akaijaribu tena, polepole,
kwa huruma iliyonivua nguo.

Nimeuza cherehani. Nimeuza viatu vya barafuni.
Nimeuza kodiani ya mama; mnunuzi
aliifungua na kuifunga mara moja, ikapumua
kama mgonjwa anayehamishwa kitanda.
Dada yangu Irja akatuma mia mbili
ndani ya kadi ya Pasaka iliyopita.
Haba na haba, ndiyo, lakini kibaba changu kina tundu:
dawa ya kikohozi cha Tove,
mafuta ya tanuri (mke wa fundi matanuri!),
na nilipofika ofisini humu
kibaba kilikuwa kimebaki wazo.

Karani wa mahakama, mwenye masharubu ya manjano,
alinisukumia karatasi chini ya kioo:
"Hii ni ya wasio na uwezo. Ada itasamehewa."
Wasio na uwezo.
Nikalirudia neno hilo ngazi nzima, nikishuka.
Miaka kumi na tisa nimeandika vitabu
vya Kivela na Wanawe, Mabomba na Matanuri,
mezani jikoni, saa nne usiku,
ankara, kodi, mishahara ya watu sita.
Wa saba hakuwa na mstari wake.
Wa saba alikuwa amekwenda kuosha vyombo.

Nilikuja na daftari moja, la mwaka wa kwanza.
Si kwa ushahidi. Nililibeba
kwa kuwa mikono mitupu hutetemeka zaidi.
Bi Osterhaus akafunua ukurasa. Akafunua mwingine.
"Mwandiko huu ni wa nani?"
Wangu.
"Yapo mengine?"
Kumi na nane. Yako kwake, chini ya ngazi.
Akaweka kalamu. Hita ikakohoa.
"Tunaweza kumwomba jaji," akasema,
"aamuru yeye alipe. Hata mimi. Lakini siahidi."
Kisha: "Leo una chochote?"

Nikatoa kopo la kahawa,
robo dola za mashine ya kufulia,
nikazipanga nne nne, mnara baada ya mnara,
hadi meza yake ikawa mji.
Dola hamsini na tatu. Hakucheka.
Alihesabu pamoja nami, akakosea, tukaanza upya.

Risiti ikatoka kwa jina la Marlys Haugen,
jina la baba, ambalo halijagusa karatasi ya fedha
tangu nina miaka ishirini na mbili.
Nje, mhasibu aliye ndani yangu akauliza
aiingize safu ipi: matumizi, au mapato.

Nauli nilikuwa nimeiacha mezani, ndani ya ile minara.
Nikaushuka mlima kwa miguu,
nyayo bapa, hatua fupi,
kama watu wa hapa watembeavyo
barafu ikianza kutoa jasho.