Safu ya Maelezo

Daftari la mwalo wetu hapa Mtera lina safu saba:
tarehe, jina, chombo, aina ya nyavu,
idadi, uzito, na ya mwisho, Maelezo,
nyembamba kama mfupa wa perege.
Neno moja likiingia, la pili linabaki nje na baridi.

Mimi ndiye karani. Saa kumi na mbili kasoro
naning'iniza mzani, napuliza vidole, nangoja.
Wino umegoma. Kalamu naipasha kwapani
kama yai la kuku aliyesusa.

Julai haina mvua wala huruma.
Upepo unashuka kutoka milima ya Iringa,
unavuka bwawa bila kukunja suruali,
unatufikia umelowa, na bado unataka kukumbatiwa.
Maji yamerudi nyuma hatua mia mbili tangu Mei;
kila usiku yanapita kwenye mitambo,
yanageuka taa za watu wasiotujua,
na asubuhi tunaburuta mitumbwi juu ya tope
lililopasuka kama kisigino.

Visiki vya migunga iliyozama kabla sijazaliwa
vimetoa vichwa, kila kimoja na kipande chake cha wavu.
Perege yuko chini. Hali, hachezi,
amejifunika giza gubigubi.

"Maji yamelala," wanasema wavuvi.
Siku nyingine, "Maji yamenuna."
Siku nyingine, "Maji yana deni letu."
Naandika lile litakaloenea.

Jumanne, Ndahani: sifuri.
Jumatano, Ndahani: sifuri.
Alhamisi alifika jua limeshatoka,
midomo ya kijivu, vidole vimekataa
fundo la kamba; nikamfungulia mimi.
Ndani ya mtumbwi: kopo la kutolea maji,
kiatu kimoja cha mvua,
na nyavu za inchi tatu, halali,
macho mengi, yote wazi, hayakuona kitu.

"Mbukwa," akasema. Nikaitika.
Akachuchumaa karibu na daftari
kama mtu anayeota moto.
"Usiandike sifuri, Mbeleje.
Andika sikwenda.
Sifuri tatu mfululizo, Senyagwa anachukua mtumbwi wake.
Asiyekwenda ni mgonjwa, atapona.
Aliyekwenda akarudi mtupu, huyo ana nuksi."

Nyuma yetu wakaangaji walikaa na makarai,
mafuta yameganda meupe kama nta.
"Mwandikie tu," akasema Matika,
"daftari halili ugali."

Nikatazama mikono yake. Ilikwenda.
Magoti, tope mpaka juu: yalikwenda.
Saa nane za usiku mimi mwenyewe nilisikia
kopo lake likikwangua sakafu ya mtumbwi,
kwaru, kwaru, mpaka usingizi ukanichukua.
Nitaandikaje kwamba huyu hakwenda?

Nikaandika tarehe. Nikaandika jina.
Uzito nikauruka,
nikaingia kwenye safu nyembamba
kwa herufi ndogo kuliko punje za uwele,
nikavuka mstari, nikapanda pembeni,
nikazungukia nyuma ya karatasi:
Aliondoka saa nne usiku. Upepo mkali.
Maji nyuzi ishirini. Alikagua nyavu mara nne.
Samaki wako chini. Mtu alikuwa juu.

Ijumaa Senyagwa akaja na jaketi lake la ngozi.
Akasoma akifuata kwa kidole,
akageuza karatasi, akasoma nyuma.
Hakunisemesha. Akashuka mpaka kwenye maji,
akachovya mkono mmoja,
akautoa haraka, akaufuta kwenye jaketi,
kisha akasimama pale
kwa muda ambao sikuupima.

Mtumbwi haujachukuliwa. Sijui kesho.
Leo, Ndahani: kambale mmoja,
kilo moja na robo, masharubu bado yanacheza;
Matika alimnunua kabla sindano ya mzani haijatulia.
Safu ya Maelezo nimeiacha tupu.
Vidole vilikuwa na baridi.