Nusu Inchi

Jumamosi, Coventry. Mvua ile isiyonyesha wala kuacha,
ya kuning'inia tu, kama deni.
Gereji ya Maureen Tranter ina mlango uliogoma nusu
na gari dogo jekundu la viti viwili, la mwaka sabini na moja,
lililoundwa maili mbili kutoka hapa, kwenye kiwanda
ambacho sasa wanauza mazulia.
Clive alikuwa akifunga milango pale. Kisha akalinunua.
Kisha akafa, na gari likakaa.

"Betri kwanza," anasema Maureen. "Waya hasi."
Nami nilidhani fundi ni mimi.
Baba alinifunza malori, kule Makambako,
injini ambazo mtu mzima huingia ndani akachutama;
hapa ngumi yangu haina hata pa kugeukia.

Bawaba za boneti tumezichora kwa penseli
ili boneti ijue pa kurudi.
Rejeta imetapika maji ya rangi ya chai iliyolala.
Mpira, kebo, waya, waya, kabureta mbili:
kila kitu kinafunguliwa, kinatiwa kwenye mfuko wa mkate,
na Maureen anakiandika jina kwa herufi kubwa
kama nguo za mtoto wa bweni.

Nati ya ekzosi imekataa.
Tumeipaka mafuta, tukanywa chai, tukairudia.
Tumeibembeleza.
Tumeitukana, mimi kwa Kibena, yeye kwa Kiingereza cha kiwandani,
ikalegea. Sijui ni kwa tusi la nani.

Halafu shafti: bolti nne, mgongo wangu juu ya saruji,
kutu ikininyeshea machoni.
"Usizitenganishe," anasema huko juu. "Zitoke pamoja."
Injini na giaboksi, zimeshikana,
kichwa juu, mkia chini,
kama mtu anayetolewa kisimani.

Navuta cheni. Kak. Kak. Kak.
Pua ya gari inainuka yenyewe, springi zimetua mzigo,
na hapo, katikati ya kak na kak,
kitu kikaanguka.

Spana.
Nusu inchi. Imevaa grisi kama sweta.

Maureen anaifuta kwa aproni, pole pole, upande huu, upande huu.
"Themanini na tatu," anasema.
Neil alikuwa na miaka kumi na saba. Baba akasema: umeiuza.
Mtoto akasema: sijaiona.
Neno likawa maneno, maneno yakawa kofi,
kofi likawa Calgary.

Kwetu husema asiyekuwepo na lake halipo.
Lakini hii ilikuwepo.
Ilikuwepo juu ya giaboksi pale alipoisahau mwenyewe,
shubiri moja kutoka gotini pake,
ikaenda naye kanisani, ikaenda naye Skegness,
ikigonga, ikigonga,
naye akidhani ni vali. Alizirekebisha mara tatu, zile vali.
Mara tatu! Maureen anacheka,
kisha si kicheko.

Injini inaning'inia baina yetu, inadondosha tone, tone, kwenye beseni.
Shimo iliyoliacha ni kubwa kuliko yenyewe.
Huwa hivyo kila mara, na kila mara nashangaa.

"Calgary sasa ni saa ngapi?"
Nahesabu kwa vidole vyeusi, kwa saa za kwetu kwanza:
hapa saa sita mchana, kule kumi na moja alfajiri;
nageuza. "Saa tano," namwambia. "Atakuwa amelala."
"Alikuwa mtoto wa kuamka mapema," anasema.

Lakini hainuki kwenda kwenye simu.
Anachukua mfuko wa mkate, anatumbukiza spana,
anafungua kalamu kwa meno,
anakaa hivyo, kalamu hewani.

Vyote vingine alivijua majina.