Nusu Kabla ya Wino

Niliinunua mashine ikiwa imeshachoka,
ya Kijerumani, umri wake sawa na wangu.
Vijana saba waliipandisha ngazi, Nasser Road,
nami nyuma yao nimeshikilia ukuta
kana kwamba ukuta ndio mzito.

Mwaka wa kwanza nilichapa kila kilichokuja:
risiti za saluni, kadi za arusi,
kalenda za parokia, vibandiko vya asali ya Nakasongola.
Mashine ikinguruma, nalala vizuri.
Nilidhani kelele ndiyo biashara.
Sikujua mtu aweza kufilisika
akiwa hana hata nafasi ya kukaa.

Akaja mgombea ubunge,
manukato yake yakaishinda harufu ya wino.
"Mabango elfu kumi, mama. Nikishinda tutakula wote."
Sikumwuliza: na ukishindwa?
Nikakopa karatasi kwa Ssalongo Kaweesi, ghorofa ya chini.
Akashindwa kwa kura mia mbili na kumi na nne.
Simu yake nayo ikashindwa.
Mabango elfu sita yaliyobaki niliyauza kwa kilo
kwa Waiswa, muuza roleksi wa kona.
Msimu mzima watu wakala chapati na mayai
kutoka ndani ya tabasamu la mheshimiwa,
mafuta yakimtiririka puani.
Nilicheka. Kisha nikapanda juu
kumweleza Opolot kwa nini mshahara, tena, bado.

Opolot, aliyeijua mashine ile kwa mlio,
akiambia rola "subiri" nayo ikasubiri.
Aliondoka na namba za wateja wangu kumi na wawili.
Nilimwita mwizi mbele ya ngazi nzima.
Miaka ilipita kabla sijaweza kuisema kwa sauti:
nilimlipa wa mwisho,
akawa wa kwanza kuondoka.

Na lile la msiba sijalimaliza hata leo.
Ratiba za mazishi, nakala mia tatu.
Marehemu aliitwa Nambooze.
Sisi tulichapa Nabooze.
Mwanawe hakufoka. Heri angefoka.
Aliketi kwenye mkungu wa karatasi, akaomba kalamu,
tukamrudishia mama yake herufi moja moja
mpaka adhana ikasikika kutoka Kibuli.
Kulipokucha akataka kunilipa.
Tangu usiku ule nasoma majina kinyumenyume,
maana jicho likishalijua jina, halilisomi tena.

Wiki iliyopita, nani huyo mlangoni?
Mvi kidogo, manukato yale yale.
Akanikumbatia kama ndugu aliyetoka safari.
"Elfu kumi na tano safari hii, mama."
Nikafungua daftari, ukurasa wenye doa la chai.
"Deni la zamani lote," nikasema,
"na nusu ya jipya, kabla ya wino."
Akacheka. Sikumsaidia kucheka.
Nikanyoosha mkono, nikazima mashine,
na kimya kile, ambacho zamani kingeniua,
nikakiacha kikae naye.

Alimtuma dereva garini.
Bahasha ilipokuja alihesabu polepole,
akilamba kidole kila noti ya tano.
Nami, huku anahesabu,
nilikuwa nimeliweka jina lake mezani,
nikilisoma kutoka nyuma, herufi kwa herufi,
nisije nikamkosea.