Tanbihi ya Kumi na Nne

Msimamizi wangu, Endel Raudkivi,
mtu wa kikohozi na kalamu nyekundu,
aliizungushia duara sentensi yangu moja:
*Februari ya 1924, barafu ya Ziwa Peipsi
ilifikia unene wa sentimita tisini na sita.*
Pembeni akaandika: Nani kasema?

Nikamjibu, Tammsalu, 1988.
Akauliza, Tammsalu alikuwepo?

Nikanyamaza. Nje ya dirisha theluji ilianguka juu ya Tartu
taratibu, kama mtu asiyedaiwa na yeyote.

Nikashuka ghala la maktaba, chini ya ardhi,
koti mwilini, glavu nilizozikata vidole
ili nipekue kurasa bila kufa ganzi.
Tammsalu anasema amemsoma Hollman.
Lepik, 1961, naye amemsoma Hollman.
Jalada la kitabu chenyewe, nilipolipangusa vumbi,
lilisema Hollmann. Enne mbili.
Lepik aliidondosha moja njiani, akachoka, akaenda zake,
na Tammsalu, miaka ishirini na saba baadaye,
akapita na kilema kilekile, akiapa katoka kisimani
ilhali kanywa kwenye kata ya jirani.

Maneno ya kuazima nayo hayasitiri matako.
Nilicheka peke yangu kati ya rafu.
Kisha nikakumbuka: mimi je?
Mimi niliyemnakili Tammsalu usiku wa manane,
chai imepoa, tarehe ya mwisho inabisha hodi?
Kicheko kikanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hollmann aliandika Kijerumani cha herufi za kale.
Nikamsoma kwa kamusi, neno kwa neno, siku mbili,
mpaka nikafika alipofika yeye:
*kwa mujibu wa mwanamke mmoja wa ufukweni.*

Mwanamke mmoja.
Profesa ana jina, ana mwaka, ana mji wa mchapishaji.
Mwanamke ana ufukwe.

Basi la saa moja asubuhi likanipeleka Kolkja,
kwa Wakristo wa Imani ya Kale, wakulima wa vitunguu.
Nyumba ya tatu niliyogonga ilikuwa ya Ustinia,
mjukuu mwenye miaka themanini na moja.
Hakuniuliza cheti wala barua ya chuo.
Aliuliza kama nimekula.
Kisha akatoa chini ya kitanda daftari
linalonuka maganda ya vitunguu,
la bibi yake, Fevronia Kuzmina.

Bei za vitunguu. Nani kafa. Ng'ombe kazaa.
Na, kila Jumamosi ya majira ya baridi:
*Nimetoboa kwa ufito wa chuma wa marehemu mume wangu.
Leo 69. Ufito umenata mkononi, ngozi imebaki nao.*

Sitini na tisa.
Siyo tisini na sita.
Soma tena, taratibu, ulimi usikimbie:
sitini na tisa; tisini na sita.
Tarakimu mbili zilibadilishana viti
kama watoto mwalimu akigeukia ubao,
na kwa miaka mingi hakuna aliyegeuka kutazama.
Ziwa zima likanenepa kwa sentimita ishirini na saba
za barafu isiyowahi kuganda popote
ila vitabuni.

Nilirudi Tartu, nikafuta, nikachora upya mchoro wangu.
Mstari ukashuka. Hoja ya sura ya pili ikashuka nao,
na sijui bado kama itasimama tena.

Tanbihi ya kumi na nne sasa inasema:
Kuzmina, Fevronia. Daftari la nyumbani, 1924.
Kwa Ustinia, Kolkja, chini ya kitanda.

Raudkivi akaisoma mara mbili. Akakohoa.
Ukurasa gani? akauliza.

Daftari halina namba za kurasa.
Nikachukua kalamu yake nyekundu, nikaongeza:
*baada ya bei ya vitunguu,
kabla ya damu.*