Jani la Zimwi

Kule Tampere mmea huu huitwa jani la zimwi.
Kibandiko cha dukani kilikuwa na jina la Kilatini,
refu, lakini kibandiko kilipotea zamani;
Tuulikki aliupokea kutoka kwa dada yake Aune
siku Aune alipohamia nyumba ya wazee,
kwenye chumba cha dirisha moja, kitanda cha swichi,
na sheria ya kutoingiza kitu chenye udongo.

Miaka thelathini na mmoja. Una kimo cha mtu.
Majani mapana kama sinia, yamejitoboa yenyewe.
"Usiuzamishe," alisema Aune. "Chomeka kidole.
Udongo ukikung'ang'ania, subiri."

Habari ya paka hakuigusa.

Paka ni Noki: mweusi, mdokozi, kinywa hakina breki.
Usiku wa tatu alitafuna pembe ya jani,
kipande kisichozidi ukucha,
na utomvu ule una sindano zisizoonekana.
Ute ukamchuruzika hadi kifuani,
akawa anajikwangua ulimi
kama aliyetamka neno asiloweza kulirudisha.
Nje nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri.
Tuulikki akamviringisha ndani ya koti la sufu,
akasimamisha teksi kwa mkono usio na glavu.

Daktari wa wanyama akamsafisha kinywa, akampima, akapiga mwayo.
"Huyu atapona. Ila nyumbani uchague:
paka au mmea."

Tuulikki alikula chumvi ya kiwanda cha nguo
miaka arobaini, mbele ya mashine ileile.
Nyuzi zikitatizana, hakuna anayechagua.
Unazitenga. Kwa subira, kwa kucha.

Sasa zimwi lina chumba chake,
na taa ya zambarau inayowaka tangu alfajiri,
na mlango wenye komeo jipya, juu.
Jumapili huingia peke yake na bakuli la maji vuguvugu,
glavu za mpira,
anafuta jani mojamoja, uso na mgongo,
mizizi ya hewani anaifunga kwa vipande vya soksi.
Anaongea. Bei ya kahawa. Lifti imekwama tena.
Chini ya mlango unapenya mkono mweusi,
unapapasa zulia, unarudi, unapapasa.
Akitoka, ananawa hadi viwikoni
ndipo amguse.

Zimwi likujualo halikuli likakwisha, twasema kwetu.
Hili halimjui yeyote.
Ni Tuulikki anayelijua:
kiu yake, upande linakoegemea, meno yake.

Saa tisa simu inalia.
"Mtoto hajambo?" anauliza Aune,
ambaye siku hizi majina humteleza.
Tuulikki haulizi yupi.
"Hajambo. Ametoa jani jipya, bado limejikunja.
Na jana alikula vizuri.
Sasa hivi amelala hapa, mlangoni."