Maji Yaliyolala Darini

Nilikuta bomba limepasuka kwa urefu,
kama ganda la maharage yaliyochelewa kuvunwa,
na ndani yake maji yamesimama,
meupe, magumu, yana umbo la bomba.
Ilikuwa Julai, Iwawa, jua halijavuka kilima,
sakitu imetanda juu ya mbao za uani.
"Nilisikia kitu kikilia tah! mara moja,"
akasema Luvanda, mlinzi wa usiku.
"Nikadhani ni bati."

Sikumjibu. Nilikuwa nahesabu:
vinyunyizi arobaini na viwili kwenye dari la ghala,
kila kimoja na kichupa chekundu mdomoni
kinachongoja joto ndipo kivunjike,
na nyuma ya vichupa vyote, usiku kucha,
hapakuwa na maji. Palikuwa na jiwe.
Chini, mbao za misindano zinanuka utomvu,
maranda yamefika magotini.

Waliotuuzia mfumo walikuja Januari,
mashati mikono mifupi.
Nchi hii haina barafu, walisema.
Nikawaambia, njooni mwezi wa saba.
Wakacheka, wakaandika kitu,
wakawahi basi la mchana.

Mama yangu hakujaza ndoo ya nje wakati wa kipupwe.
Aliacha nafasi ya vidole vinne:
"Maji yakilala hunenepa. Yaachie pa kujinyoosha."
Fizikia hakuisoma.
Alikuwa amepoteza mitungi mitatu.

Siku nne, mimi na Tusajigwe, juu ya ngazi.
Tulitoa maji yote darini,
tukainamisha mabomba yatiririke hadi tone la mwisho,
maana tone likibaki konani
ndilo litakalorudi na nyundo.
Mahali pa maji tukaweka hewa.
Hewa iliyobanwa inashikilia mlango,
maji yanasubiri nyuma yake,
chini, kwenye kibanda cha vali.
Moto ukija kichupa kitapasuka,
hewa itatoka kwanza, itapisha.
"Itapisha kwa muda gani?" akauliza Luvanda.
"Hesabu mpaka ishirini na tano."
Akahesabu kwa sauti, polepole, akiyatazama maranda.
Alipofika tisa akanyamaza.

Kibanda tulikijengea kuta mbili za tofali,
mwanya katikati, taa moja ya kupasha joto,
na blanketi nne mpya kutoka ofisini
tukalivisha bomba kuu, tukafunga kwa kamba
kama mtoto wa kupelekwa kliniki.

Jumatano umeme ukakatika.
Niliamka kwa ukimya wa friji,
nikapanda kilima na tochi, majani yanavunjika chini ya buti.
Nikamkuta Luvanda ndani ya kibanda
na jiko la mkaa limekolea, mlango umerudishwa.
Nikafoka. Moto! Ndani ya nyumba ya maji!
Unataka kufa kwa hewa ya mkaa,
au unataka kutuchoma sote?

Hakunyanyua sauti.
"Uliniambia yasilale, fundi.
Nilikuwa nayakesha."

Tochi yangu ikapita juu yake:
koti la mvua, jembamba, la mtu mwingine,
mabega yanatetemeka.
Blanketi zote nne
zilikuwa shingoni mwa bomba.

Sikujua nifanye nini na mdomo wangu.
Nikatoa jiko nje, nikaacha mlango wazi moshi utoke,
nikawasha jenereta ndogo ambayo meneja
hutaka tuiwashe kwa kibali.
Kisha nikafungua kamba. Blanketi moja.
Bomba likabaki na tatu
na halikulalamika.

Tangu siku hiyo hunipigia simu saa tisa usiku.
"Sindano ya geji iko pale pale, fundi."
Nje, kwenye misindano,
sindano nyingine zisizohesabika zimeshika sakitu,
hazina wa kuzisoma.
"Na mabega je?" nauliza.
Anacheka, anakohoa kidogo.
"Mabega hayana geji."